Vakansi ya Madamu

Mtaani kwetu Kabondo, hapa Kisangani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Madamu, kwa sababu karibu sote tulipita darasani mwake. Hata muuza makala, yaani makaa, wa pale kona, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, alikuwa akinyoosha mgongo kidogo akimwona anakuja, mwavuli mkononi, kitambaa cheupe kichwani, anatembea katikati ya njia kana kwamba baiskeli za toleka zinazobeba abiria ndizo zinazopaswa kumkwepa. Nazo zilimkwepa.

Mimi alinifundisha nikiwa mtoto. Miaka mingi baadaye, nilipofiwa na mume, nilipanga nyumba ndogo iliyo nyuma ya yake. Mchana nauza vikwembe, vitambaa vya kujifunga, soko kuu, jioni narudi, na kati ya chumba changu na sebule yao palikuwa na ukuta mmoja tu, wa matofali yasiyopigwa plasta. Kwa hiyo mengi ya haya sikuambiwa na watu.

Alichokipenda kuliko vyote ni maneno yaliyokamilika. Mtoto akimjibu kwa nusu sentensi, alikuwa anasema, "Sema yote," kisha anangoja. Angeweza kungoja mpaka kengele ya kutoka. Alitoka katika familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, na Kiswahili cha nyumbani kwao alikitunza kama watu wengine wanavyotunza sahani za wageni. Sisi tuliosema "mutu" na "batu" na "iko" kwa kila kitu, alitusikiliza kwa uvumilivu wa daktari anayesikiliza kikohozi.

Siku moja tulisimamishwa na askari njiani kuelekea Makiso, katikati ya mji. Askari, kijana mwenye bunduki na macho mekundu, akamwambia, "Mama, kitambulisho iko wapi?"

"Kiko wapi," akasema Madamu.

"Mi nauliza wewe."

"Nami ninakufundisha. Kitambulisho kiko wapi."

Nilianza kumwomba Mungu kimyakimya. Yule askari akamtazama, akatazama mwavuli, akasema taratibu kama mtoto wa darasa la pili, "Kitambulisho kiko wapi?" Madamu akakitoa, akampa, akamshukuru.

Alisahihisha hata misibani. Mzee mmoja akimwombolezea ndugu yake alisema "ametutoka sisi watu yake yote," nami niliyeketi karibu na Madamu nikasikia pumzi yake ikikatika. "Watu wake," alinong'ona. "Maskini. Watu wake." Sikujua kama masikitiko yale ni ya marehemu au ya sarufi.

Na bado mtu huyuhuyu aliwafukuza mbuzi kwa Lingala. Alipigania bei ya samaki kwa Lingala, kwa sauti ambayo darasani hatukuwahi kuisikia, na akihesabu alihesabu kwa Kifaransa. Ukimuuliza, alisema Lingala ni lugha ya soko na mbuzi, kila kitu na mahali pake. Lugha za porini, kama alivyoziita, yaani lugha za watu waliokuja mjini kutoka vijijini mwao, hakuzipa mahali popote.

Jambo hilo lilikuwa la ajabu, kwa sababu aliolewa na mtu wa Yahuma, mbali huko msituni.

Mumewe tulimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Alikuwa fundi seremala, aliyeingia mjini kijana akiwa na lugha ya kwao na Lingala kidogo. Walikutana kwa ajili ya mabenchi ya shule. Shule ilimwita ayatengeneze, akayatengeneza, yakaharibika, akaitwa tena, yakaharibika tena. Mwisho Madamu, wakati huo mwalimu kijana asiyecheka, akamwendea kumkaripia kwa kazi yake mbovu, na katika kukaripiwa huko ndimo ilimozaliwa ndoa yao. Nyumbani kwa Madamu walitaka mambo mawili: fundi aingie katika dini, na aseme Kiswahili. Aliingia katika dini. Kiswahili alifundishwa na mkewe mwenyewe, jioni kwa jioni, nyuma ya nyumba kwenye harufu ya mbao.

Alikisema vizuri, lakini kama mtu anayepita juu ya ubao uliolowa mvua: polepole, macho chini. Aliomba maji, alisifu chakula, aliuliza habari za watoto, akanyamaza. Sote tulisema Tonton ni mtu mkimya. Madamu alijivunia ukimya ule. "Mume wangu hana maneno mengi," alisema, "lakini machache aliyo nayo yamenyooka."

Ugonjwa ulianza kwa vipimo. Tonton alipima ubao, akauweka, akaupima tena, akaukata mfupi. Alianza kabati la bibi harusi mmoja mara tatu, mpaka wenyewe wakaja kuchukua mbao zao. Halafu akawa anatoka asubuhi na kupotea. Mara mbili madereva wa toleka walimrudisha kutoka upande wa Wagenia, kule mtoni, viatu vimejaa maji, ametulia. Watu wakasema mambo ya uchawi, kama kawaida yao. Daktari alisema ni ubongo unaochoka, na kwamba yaliyoingia mwisho yatatangulia kutoka.

Kiswahili ndicho kilichoingia mwisho. Nilikisikia kikitoka, kupitia ukuta. Kwanza alichanganya neno moja moja. Kisha jioni nzima ilipita akisema lugha ya kwao tu, kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza jambo la maana. Na Madamu alimjibu kwa sauti ya darasani:

"Sema kwa Kiswahili. Sema yote."

Kisha Tonton tena, polepole zaidi, maneno yaleyale, kama kwamba mkewe ndiye mgumu wa kuelewa.

Baada ya miezi sauti ya darasani iliisha. Nilimsikia akimjaribia Kiswahili, kisha Kifaransa, kisha Lingala ileile ya mbuzi, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyesimama nje ya mlango na kishada cha funguo. Hakuna uliofungua. Tonton alikula, alilala, alitabasamu mara nyingine, lakini jioni ilipofika alianza kumweleza lile jambo lake, na mkewe aliketi mbele yake, mikono mapajani, haelewi.

Alimleta muuza makala, aliyesemekana ametoka kule. Yule mama akasikiliza, akatikisa kichwa. "Madamu, hii hapana lugha yetu. Sisi tuko ba Opala. Ya ule baba iko mbali na yetu." Alituma ujumbe kwa wanafunzi wa chuo kikuu, wakaja wawili, wakaelewa neno hapa na neno pale, wakaona aibu, wakaondoka. Mtoto wao wa kwanza akapiga simu kutoka Kinshasa.

"Mama, mulete huku, tumupeleke ku maombi."

"Baba yako ni Mwislamu."

"Bon, ku hospitali, alors."

"Ninampeleka vakansi," akasema Madamu. "Kwao. Yahuma."

Maisha yao yote hawakuwahi kwenda mapumziko mahali popote. Likizo za shule yeye alizipitisha akifundisha watoto waliobaki nyuma, na mumewe akitengeneza viti. Nyumbani kwa kina mumewe Madamu hakuwahi kufika hata mara moja. Aliniomba niende nao, kwa kuwa mikono yake miwili haikutosha. Nilifunga meza yangu sokoni. Jirani walipomuuliza kama kuna msiba huko, au mganga, aliwajibu wote jibu moja: "Hakuna msiba. Mtu na mume wake wanakwenda vakansi. Hamjawahi kusikia?"

Alijiandaa kweli kama mtu wa vakansi. Alinunua kofia ya majani na kuivaa juu ya kitambaa. Alipiga pasi mashati yote ya Tonton. Alibeba chupa ya chai, dagaa wa mkebe, na dawa zake mwenyewe za sukari katika kijisanduku chenye barafu. Bandarini tulipanda balenyeri, ile mashua kubwa ya mbao yenye mota, iliyokuwa imejaa chumvi, sabuni, baiskeli na watu, na yeye akafungua kiti chake cha kukunja katikati ya magunia, akaketi, akafungua mwavuli. Abiria walicheka. Aliwasalimu mmoja mmoja.

Tonton hakuelewa mashua. Kila mara alisimama kutaka kutoka, na nje ni maji. Baada ya kumvuta shati mara kadhaa, Madamu alifungua kikwembe chake cha akiba, akamfunga kiunoni, upande wa pili akaufunga kwenye mkono wake mwenyewe.

Mama mmoja wa Isangi akasema, "Eh, Madamu, unamufunga bwana sawa mbuzi?"

"Sawa mtoto mgongoni," akajibu. Niliangalia pembeni. Alikuwa amesema "sawa" kama sisi, na hakujisahihisha.

Njiani ndipo aliponieleza habari ya wifi yake. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, dada mdogo wa Tonton, aliyejua Kiswahili cha sokoni, alisafiri njia hii yote kuja kumwona. Jioni ya kwanza kaka na dada waliketi jikoni, wakazungumza lugha ya kwao, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Madamu aliingia na mtoto mkononi, akasema, "Hapa kwangu tunasema lugha inayoeleweka na wote." Walinyamaza. Baada ya siku chache wifi akafunga mzigo wake na kurudi Yahuma, na hakuja tena.

"Nilikuwa na haki," Madamu aliniambia. Mvua ilikuwa imeanza, tumejibana chini ya turubai. "Nyumbani kwangu, nami sielewi wanacheka nini. Labda wananicheka mimi." Alivuta turubai limfunike Tonton. "Sasa ninakwenda kwake kumwomba anitafsirie mume wangu."

Tulipopita Basoko, mtumbwi ulitusogelea, mwanamume na mkewe wanauza samaki wa kukaushwa na ndizi. Waliita bei kwa Lingala, kisha wakasemezana wao kwa wao kwa lugha nyingine. Tonton akainua kichwa. Akasema kitu. Yule mwanamume akamjibu, akashangaa, akacheka. Tonton akaongeza maneno mengi, mikono juu, na mtumbwi mzima ukacheka. Mota yetu ikavuta, wakabaki nyuma.

"Amemwambia nini?" Madamu akaniuliza, kana kwamba mimi ningejua. "Amesema nini? Mbona wamecheka?"

Tulishuka kwenye ufuko mdogo, tukachukua pikipiki, Tonton katikati ya dereva na mimi, Madamu nyuma yetu kwenye ya pili, kofia imefungwa kidevuni kwa uzi. Njia ni mchanga na mizizi, msitu pande zote. Tulifika jua linateremka.

Wifi alikuwa mwanamke mwembamba, mzee kama sisi sote, jicho moja lina mtoto wa jicho. Alikuwa anatwanga. Alimwona kaka yake, akaacha mchi ukaanguka, akaita jina ambalo sikuwahi kulisikia. Nikamtazama Madamu: naye hakuwahi kulisikia. Tonton aliligeukia jina lile mara moja, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Walimweka kwenye kiti barazani, watu wakaja, naye akaanza kusema. Alisema mpaka giza likaingia. Aliinua sauti, akaishusha, akaiga sauti za watu, akapiga paja, akasimama kuonyesha jinsi mtu fulani alivyotembea. Watu walicheka, wakamjibu, wengine wakafuta machozi ya kucheka. Alipotaja watu waliokufa, walimwacha awataje. Madamu aliketi pembeni kwenye kiti chake cha kukunja, kofia mapajani. Nilikuwa karibu naye.

"Kumbe ni msemaji," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Unamwona? Mume wangu ni msemaji."

Akamgeukia wifi yake. "Wifi, tafadhali. Anasema nini?"

Wifi alikuwa akipakua pondu ya majani ya muhogo na kwanga, mkate wa muhogo. Alichukua muda wake. "Leo Madamu unataka kujua?"

"Leo ninataka kujua."

Wifi akaweka sahani chini. Nilidhani atakataa, angekuwa na haki yake na yeye. Lakini alivuta kigoda karibu na kile kiti cha kukunja, akaketi, magoti yao yakagusana.

"Anauliza, ule mama mugeni wa kitambaa nyeupe, bamemupa chakula? Anasema mugeni hapana kulala na njaa."

Madamu alikula. Alikula yote, na hapendi pondu isiyo na mawese mengi.

Siku zilizofuata wifi alimtafsiria. Tonton hakuchoka kusema, na kila jioni watu walikuja kama wanaokwenda kusikiliza redio. Jioni moja alisimulia jinsi alivyoingia Kisangani kijana, akalala katika karakana ya fundi, na jinsi kila asubuhi alivyomwona mwalimu mmoja msichana akipita, anatembea katikati ya njia. Akaitwa kutengeneza mabenchi ya shule yake. Hapo watu walianza kucheka kabla hajamaliza, na wifi naye akacheka, akashindwa kutafsiri.

"Nini?" Madamu akamshika mkono. "Sema. Sema yote."

"Anasema, kila benchi alikuwa anaacha musumari moja, hapana kuipiga muzuri. Juu benchi ivunjike, bamuite tena, aone ule madamu. Anasema siku moja madamu alikuja mwenyewe kumugombeza, na yeye hapana kusikia neno hata moja, juu alikuwa anaangalia tu mudomo."

Madamu alicheka. Kicheko chake sikukijua, kilikuwa cha msichana. "Nilimwambia ni fundi mbovu kuliko wote mjini!" Kisha kicheko kikaharibika, akafunika uso kwa ncha ya kitambaa, akakaa hivyo muda mrefu. Tonton akaacha hadithi yake, akauliza kitu kwa upole, akimwonyesha kwa kidevu.

"Anauliza mugeni iko na nini," akasema wifi.

Asubuhi yake Madamu alikwenda kwenye kinu. Akashika mchi wa pili na kumwambia wifi amfundishe. Maji. Moto. Njoo. Kaa. Umekula? Alirudia kila neno akitwanga, na kila neno alikosea. Lugha ile, walisema, sauti ikipanda pasipopaswa neno linageuka kuwa jingine, na siku moja alitaka kusema "chumvi" akasema kitu kilichowafanya wanawake wote wa ua ule waache kazi na kushikana mabega. Hakuna aliyetaka kunitafsiria hicho. Wifi alimsahihisha bila huruma: tena, tena, hapana, tena. Na yule mwanamke aliyemsahihisha askari mwenye bunduki alisema tena, kichwa kimeinama kama mwanafunzi wa mwisho darasani, jasho linamtoka chini ya kofia ya vakansi.

Vakansi ina mwisho wake. Barafu ya kijisanduku ilikuwa imeyeyuka zamani, dawa zilikuwa zinakaribia kuisha, na kule hakuna pa kuzipata. Jioni ya mwisho Madamu alimpelekea mumewe chakula mwenyewe, akaketi mbele yake, na akamwambia kwa lugha ya kwao jambo alilojizoeza siku tatu nzima. Nilijua maana yake kwa kulisikia sana: chakula ni kizuri?

Tonton alimtazama kwa furaha. Akamjibu. Na nikaona uso wa Madamu unabadilika, kwa kuwa safari hii hakumgeukia wifi. Alikuwa ameelewa mwenyewe. Alisita, akatafuta neno, akalipata, akalisema. Tonton akaangaza macho uani, upande huu na upande ule, akasema kitu kingine, akaendelea kula.

Aliniambia baadaye, tukifunga mizigo. Alikuwa ameulizwa: mama mgeni, mume wako yuko wapi? Akajibu: yuko hapa. Naye akamwambia: basi mwite aje tule.

Asubuhi pikipiki zilikuja. Tonton hakutaka kuondoka barazani. Alishika nguzo kwa mikono yote miwili, bila hasira. Madamu alimfungua kidole kimoja, akaacha. Wifi alisimama kati yao.

"Muache huku. Kule kwako atasema na nani?"

"Na mimi?" akasema Madamu. "Mimi nitasema na nani?"

Wifi alimkumbatia. Madamu alikwenda akaweka mashati yaliyopigwa pasi juu ya kitanda cha mumewe, akarudi, akamuaga kwa neno lao la kuagana. Tonton alimtakia safari njema na kumwomba asalimie nyumbani kwake. Njia nzima ya pikipiki mimi nililia. Yeye hakulia. Kwenye mashua kiti cha kukunja hakukifungua.

Mtaani walimhukumu upesi. Huyu alimtupa bwana yake kwenye pori, walisema, na walisema hata akipita. Alipita katikati ya njia kama zamani. Walisema pia kwa Kiswahili kibovu kabisa, na hakumsahihisha mtu. Ninadhani huo ndio wakati nilipoogopa kwa ajili yake.

Mwanawe alituma ujumbe mkali, kisha akaacha kupiga simu kwa muda. Nyumba ilikuwa kimya. Kupitia ukuta nilimsikia jioni akirudia maneno ya Yahuma peke yake, sauti ikipanda, ikishuka, akijikatiza, akianza tena. Kila shule ilipofungwa, alikwenda kama mtu yeyote wa vakansi, kiti, mwavuli, kijisanduku cha barafu, safari hizo bila mimi kwa kuwa nilikuwa na meza yangu sokoni. Alirudi mwembamba zaidi na mweusi kwa jua. Nikimuuliza Tonton anaendeleaje, alisema, "Anaongea," na hapo ndipo alipotabasamu.

Halafu mguu wa Madamu ukaingia kidonda, mambo ya sukari, na daktari akamkataza mashua. Wifi akawa anapiga simu. Alilazimika kutembea mpaka kwenye kilima chenye mtandao, kwa hiyo simu zilikuja bila mpango, asubuhi au mchana.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni mchana mmoja wa kipindi cha mvua, baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimempelekea lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Aliketi barazani, mguu juu ya kigoda, tunazungumza habari za soko. Simu ikalia. Akaichukua, na mara akaanza kusema lugha ile.

Tangu Yahuma sikuwahi kumsikia akiisema na mtu. Aliisema haraka. Aliuliza, akasikiliza, akajibu katikati ya maneno ya mwenzake, kama wanavyofanya watu waliozoeana. Wakati mmoja alicheka kidogo. Niliketi na sahani mkononi, natazama mdomo wake, na sikupata hata neno moja. Mtu huyu alinifundisha kila neno ninalolijua, na sasa alikuwa mahali nisipoweza kumfuata. Kisha akawa anasema neno moja tu, akilirudia, taratibu. Akaweka simu mapajani.

"Amefariki," akaniambia kwa Kiswahili. "Jana asubuhi. Wamemzika. Alikuwa anamsimulia dada yake kitu, akanyamaza katikati. Dada akadhani anatafuta neno."

Akasema yale Waislamu husema, kwa Kiarabu. Aliyasema yote, kwa utulivu, nami nikaitikia. Akaniomba maji, akanywa. Nikadhani hivyo ndivyo itakavyokuwa, kwa kuwa siku zote alitwambia kulia kwa makelele ni kwa watu wasiofundishwa.

Kisha sauti ikamtoka. Ilianza chini, ikapanda, na haikuwa ya Kiswahili wala ya lugha yoyote ya mji huu. Ilikuwa ile ya wanawake niliowasikia wakiomboleza kule msituni, wimbo ulio nusu maneno, wa kumwita mtu na kumuuliza maswali. Alijipiga kifua kwa mkono mmoja. Aliuliza, akangoja kidogo, akauliza tena. Nilishika mkono wake mwingine na kuketi.

Majirani waliingia mmoja mmoja, wakasimama uani. Muuza makala alinisogelea, macho yametoka. Walewale waliosema alimtupa mumewe walikuwa wamevua viatu.

"Ni nini?" akaninong'oneza muuza makala. "Madamu anasema nini? Tumunyamazishe?"

"Hapana," nikamwambia. "Musimukate maneno. Anaongea na bwana yake."